Burito ya Maharagwe kwa Presha Kuka ya Umeme
Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wakati wa onyesho la upishi wa nyumbani



Saa kumi na mbili jioni, katika nyumba nyingi za kupanga, swali huwa ni moja: leo kuna nini cha kula? Maharagwe hutajwa, kisha huachwa. Si kwamba hayapendwi. Tatizo ni zile saa mbili au tatu za kuchemka, makaa yanayoisha kabla ya wiki kwisha, au mtungi wa gesi ambao mama anaubania ili ubakie wa chai ya asubuhi. Basi maharagwe yamegeuka chakula cha Jumamosi. Siku nyingine hununuliwa yakiwa tayari yamechemshwa kando ya barabara, na mnunuzi hajui yametiwa magadi kiasi gani, wala sufuria ilifunikwa kwa nini ili mvuke usitoke. Wapo wanaofunika kwa karatasi ya nailoni, na hilo kila mtu amewahi kuliona.

Chakula cha leo kina jina geni: burito ya mboga. Jina lisimtishe mtu. Burito ni chapati nyembamba iliyokunjwa ikafumbata maharagwe, wali na kachumbari, ikafungwa pande zote isimwagike. Anayeijua rolex ya Uganda, ile chapati inayoviringishwa pamoja na mayai, hana jambo kubwa jipya la kujifunza hapa. Atakachojifunza zaidi ni namna ya kuyapika maharagwe siku ya kazi, akayamaliza salama na mapema.

Burito ilitoka kaskazini mwa Meksiko, na kwa Kihispania neno hilo lina maana ya punda mdogo. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba iliundwa na mchuuzi mmoja wa Ciudad Juárez, wakati wa vita vya mapinduzi ya Meksiko vilivyoanza mwaka wa 1910, na kwamba alikuwa akibeba chakula chake juu ya punda. Hadithi ni tamu, lakini neno lenyewe tayari lilikuwa limechapishwa katika kamusi ya maneno ya Kimeksiko mwaka wa 1895. Kaskazini mwa nchi hiyo, katika majimbo kama Sonora, ngano hustawi, ndiyo maana chapati zao ni za unga wa ngano, tofauti na za kusini zinazopikwa kwa mahindi. Baadaye chakula hicho kilivuka mpaka kikaingia Marekani, na huko San Francisco, katika miaka ya 1960, kikanenepa kwa kutiwa wali na kufungwa ndani ya karatasi ya fedha.

Ukikitazama kwa makini, hakina ugeni mwingi. Maharagwe, nyanya, pilipili, parachichi na mahindi yote asili yake ni bara la Amerika. Yalifika Afrika Mashariki kwa meli na yakawa ya hapa kabisa. Chapati ilikuja kutoka Bara Hindi. Kachumbari yetu na ile wanayoweka Wameksiko ni ndugu wa toka nitoke: nyanya, kitunguu, dhania, pilipili na ndimu. Kenya, kwa hakika, ni miongoni mwa nchi zinazoongoza barani Afrika kwa kuzalisha parachichi, kwa hivyo kiungo ambacho kwingineko ni cha anasa hapa hukipata kwa jirani.

Sasa maharagwe yenyewe, maana hapo ndipo penye kazi.

Kwanza, kwa nini yanakawia? Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Mombasa, usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 100. Nairobi ni takriban nyuzi 94. Eldoret, iliyo mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari, ni takriban 93. Sufuria ya maharagwe Eldoret inaweza kutokota mchana kutwa na isivuke joto hilo hata moto uongezwe vipi. Kinachoongezeka ni mvuke na gharama ya makaa tu. Presha kuka hufungia mvuke ndani, shinikizo linapanda, na joto la maji linapita lile la sufuria ya kawaida kwa nyuzi kadhaa. Hakuna muujiza mwingine ndani yake. Mpishi wa nyanda za juu ndiye anayefaidika zaidi, ingawa naye inambidi aongeze muda ulioandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, kwa sababu muda huo kwa kawaida umeandikiwa watu wa mahali pa chini. Kanuni inayotumika ni kuongeza asilimia 5 kwa kila mita 300 baada ya mita 600 za mwanzo. Kwa mtu wa Eldoret hiyo ni kama robo ya muda: dakika 25 zinakuwa dakika 31 hivi.

Mpishi hupima vikombe viwili vya maharagwe makavu, rosekoko, Nyayo au Wairimu, yoyote anayopendelea. Huyachambua, akayaosha, akayaloweka asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni maji hayo yamwagwe yote. Wapo wanaoyapikia wakidhani wanahifadhi utamu, lakini ni afadhali yamwagwe, kwa sababu moja ambayo inahitaji kuelezwa bila haraka.

Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Hata punje nne au tano zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu. Dalili huanza baada ya saa moja hadi tatu: kichefuchefu, kutapika sana, kisha kuhara. Wengi hudhani chakula kimeharibika au mtu amelogwa. Kuloweka kwa saa tano au zaidi na kumwaga maji hupunguza sumu hiyo. Kinachoiangamiza ni moto mkali. Maharagwe yakitokota sawasawa, na kwa hakika yakipikwa kwa presha, sumu inakwisha.

Hatari imo kwenye kitufe kimoja. Kuka nyingi za umeme zina kitufe cha kupika polepole, kinachopasha chakula kwa joto la chini kwa saa nyingi. Mtu anaweza kufikiri: nitayaweka maharagwe asubuhi, nibonyeze hapo, nirudi jioni nikute yameiva. Asifanye hivyo. Joto lile huenda lisifikie la kuchemka, na maharagwe mekundu yaliyopashwa bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yale mabichi kabisa. Kwa macho yanaonekana yamelainika. Anayeumia kwa urahisi zaidi ni mtoto, ambaye ndiye aliyewekewa sahani kwanza. Kitufe cha presha ndicho cha maharagwe. Kile cha polepole kisubiri supu, au maharagwe ambayo tayari yameshachemshwa.

Baada ya kumwaga maji ya kuloweka, mpishi hutia maji mapya yanayofunika maharagwe na kupita juu kidogo, kama upana wa vidole viwili. Kijiko kimoja cha mafuta husaidia kupunguza povu. Chumvi kidogo haina neno. Nyanya na ndimu zisiingie sasa. Uchachu huyafanya maharagwe yagome kulainika, na hili limewachosha wapishi wengi bila kujua chanzo. Magadi hayahitajiki hata kidogo. Ni kweli yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini B1, na kuka inaifanya kazi hiyo bila hasara.

Kuka isijazwe zaidi ya nusu inapopika maharagwe. Kwa vyakula vingine huenda theluthi mbili zikakubalika, lakini maharagwe hutoa povu na kufura, na povu likiziba valvu, mvuke hauna pa kutokea. Kabla ya kufunga, mpishi huangalia raba ya mfuniko kama imekaa vizuri na haina ufa, kisha hutazama tundu la valvu dhidi ya mwanga kuona kama liko wazi. Ni ukaguzi wa nusu dakika.

Dakika 25 kwa yaliyolowekwa, 45 hadi 50 kwa yasiyolowekwa. Maharagwe yaliyokaa ghalani miaka, hasa penye joto na unyevu, huwa magumu na yatataka zaidi. Tena ieleweke vizuri: kitufe kikionyesha 25, chakula si cha dakika 25. Kuka huchukua dakika 10 hadi 15 kupandisha shinikizo kabla ya kuanza kuhesabu, na ikimaliza iachwe itulie yenyewe dakika 15 au 20. Jumla ni karibu saa moja. Muuzaji dukani hataji zile dakika za mwanzo na mwisho, na mteja anafika nyumbani akidhani kuka yake ni mbovu. Saa moja bado ni nafuu ikilinganishwa na tatu, tena haimlazimu mtu kusimama akichochea makaa na kuongeza maji.

Mfuniko haufunguliwi kwa nguvu. Pini ya usalama inapokuwa imesimama, ndani bado kuna shinikizo, hata kama stima imepotea dakika kumi zilizopita. Stima ikipotea katikati ya mapishi, kuka iachwe ilivyo mpaka pini ishuke yenyewe. Kuachilia mvuke kwa valvu mara moja, jinsi vijana wanavyopenda, hakufai kwa maharagwe. Povu hupanda na kurusha mchuzi wa moto. Wakati wa kuachilia mvuke kwa vyakula vingine, uso na mkono vikae kando ya tundu, na watoto wawe nje ya jikoni.

Kuka inapoendelea, mikono iko huru kwa chapati. Vikombe vinne vya unga wa ngano, karibu nusu kilo, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vinne vikubwa vya mafuta, na kikombe kimoja na robo cha maji ya vuguvugu. Unga ukandwe mpaka uwe laini, ufunikwe, upumzike nusu saa. Hapa ndipo mpishi wa Kenya anapokosea kwa sababu ya ujuzi wake mwenyewe: anataka kupaka mafuta, kusokota na kutengeneza matabaka. Chapati ya matabaka ni tamu kwa mchuzi, lakini ukiikunja na kitu ndani inapasuka. Ya burito haisokotwi. Donge ligawanywe mara nane, kila moja lisukumwe liwe jembamba na pana, kama sentimita 25, kisha lipikwe kwenye kikaango kikavu chenye moto, kiasi cha nusu dakika hadi dakika moja kila upande. Madoa ya kahawia yakitokea, imetosha. Ikikauka imeharibika. Zipangwe moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa safi. Mvuke wao wenyewe ndio unaozilainisha. Hata zile za kununua kwenye kibanda zinafaa, zikiwa nyembamba na bado za moto.

Maharagwe yakishaiva hupakuliwa kando na sehemu ya mchuzi wake. Kuka hiyohiyo, mfuniko ukiwa wazi, hubonyezwa kitufe cha kukaanga. Mafuta vijiko viwili, kitunguu kikubwa, vitunguu saumu punje tatu, kisha kijiko kidogo cha binzari nyembamba iliyosagwa, ile ya pilau. Harufu ya binzari hiyo ndiyo inayotambulisha burito; ikikosekana kinabaki chapati madondo, ambacho nacho hakuna anayekidharau. Nyanya mbili zilizokatwa huingia, zikaiva mpaka zikavurugika. Maharagwe yarudi, yapondwe nusu kwa mwiko, nusu yabaki punje. Yawe mazito kiasi cha kusimama kwenye kijiko. Mchuzi mwepesi ni adui wa burito, na ndio sababu za kwanza kwanza za watu wengi huishia kifuani mwa shati.

Wali ni kikombe kimoja cha mchele uliooshwa na kikombe kimoja na robo cha maji, kwa presha dakika nne au tano, kuka ikiwa imeshasafishwa. Anayeona ni kazi mara mbili auache wali, burito haitakasirika. Kabichi iliyokatwa nyembamba inajaza nafasi hiyo vizuri. Sukuma wiki iliyokaangwa haraka pia inakubali. Kachumbari ikamuliwe maji kabla ya kutumika. Parachichi lipondwe na ndimu na chumvi kidogo. Anayetaka uchachu wa maziwa aongeze kijiko cha maziwa lala mazito.

Ndimu na nyanya hizo hazipo kwa ladha tu. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama, na vitamini C inayaongezea njia. Chai ya rangi au ya maziwa, kwa upande wake, inayazuia. Nyumba inayokula maharagwe na kushushia chai papo hapo inapoteza sehemu ya ilichopika, na kwa mama mjamzito au msichana aliye shuleni upungufu huo wa damu si jambo dogo. Chai isogezwe saa moja au mbili mbele. Kuhusu protini, ngano na maharagwe hukamilishana: kinachopungua kwa kimoja kimo kwa kingine, kwa hivyo mtu asiyekula nyama, kwa imani au kwa bei, hajadhulumiwa.

Kukunja ni rahisi mikono ikishazoea. Chapati ikiwa ya moto, maharagwe nusu kikombe yapangwe kwa mstari chini kidogo ya katikati, si katikati kabisa. Juu yake wali, kabichi, kachumbari, parachichi. Pande mbili za kushoto na kulia zikunjwe kwa ndani kwanza. Kisha ukingo wa chini upandishwe juu ya chakula, uvutwe nyuma kidogo ili kubana, na kuviringishwa kuelekea mbele. Burito ilazwe kwenye kikaango kikavu, mshono ukiwa chini, dakika moja tu, mshono unashika. Tamaa ya kujaza ndiyo inayowaharibia wengi. Bora mbili za wastani kuliko moja iliyopasuka.

Suala la bili liwekwe wazi, kwa sababu ndilo linaloulizwa kwanza na kujibiwa vibaya. Kuka ya wati 1,000 ikivuta umeme wote kwa saa nzima itatumia uniti moja. Lakini haivuti hivyo: ikishapata shinikizo huzimika na kuwaka kidogo kidogo, kwa hivyo sufuria ya maharagwe hula chini ya uniti. Hapo ndipo maelezo mengi huishia. Yanayobaki ni kwamba tangu Aprili 2023 bei ya umeme wa nyumbani huenda kwa makundi: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaozidi 100. Mteja huwekwa kwenye kundi kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 26, ikiongeza nusu uniti kila siku kwa kupika, inafika 41, inahamia kundi la pili, na sasa hata taa na kuchaji simu vinalipiwa kwa bei ya juu. Huenda bado ikawa nafuu kuliko makaa, lakini hesabu ifanywe nzima: makaa, mafuta ya taa au gesi ya mwezi mmoja upande huu, ongezeko lote la tokeni upande ule. Kuka yenyewe hugharimu maelfu ya shilingi, na si kila nyumba inaweza kuzitoa kwa mkupuo. Presha kuka ya kuwekwa juu ya gesi hufuata kanuni zilezile za maharagwe.

Kwa wapangaji kuna tatizo jingine. Panapotumika mita moja kwa ploti nzima, wenye nyumba wengi hukataza upishi wa umeme. Ni vyema kuelewana kabla ya kununua, si baada ya kugombana. Kuka ichomekwe moja kwa moja ukutani. Waya mwembamba wa kuunganishia, wenye redio, runinga na kuka pamoja, hupata moto hadi kuyeyuka.

Hesabu ya pesa peke yake pia haitoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Saa tatu za maharagwe juu ya kuni ni saa tatu za moshi, na mara nyingi anayeuvuta ni mama akiwa na mtoto mgongoni.

Vipimo vilivyotajwa hutoa burito nane. Zikibaki, maharagwe na wali visikae mezani zaidi ya saa mbili; wali uliolala nje usiku kucha huota vijidudu ambavyo sumu yao haiondoki hata ukipashwa moto tena. Asiye na friji apike wali wa usiku huo tu na kuloweka maharagwe machache. Mwenye friji anaweza kuyaweka maharagwe siku tatu, chapati zikiwa kando ndani ya mfuko uliofungwa, na kachumbari ikakatwa upya asubuhi kwa ajili ya chakula cha mchana cha kubeba. Raba ya mfuniko ivuliwe, ioshwe na ianikwe kila mara. Ikiachwa na harufu ya kitunguu, uji wa kesho yake utanukia burito, na watoto watasema.